Gari la Mzee Lipo Juu ya Mawe: Lina Thamani Gani Leo?

Simu tunazopokea sana siku hizi hapa gereji kwetu Chang'ombe si za gari kuchemsha wala breki kulia. Ni za watu wenye gari la zamani nyumbani. "Fundi, habari za kazi. Kuna Peugeot 504 ya marehemu baba ipo Moshi, imekaa juu ya mawe miaka mingi. Nasikia magari haya sasa yana pesa. Niilete?" Mwingine anatuma picha: Volkswagen chini ya mwembe, tairi zimeisha upepo, kuku ametagia kiti cha nyuma. Picha inayofuata huwa ya mtandaoni, ya gari linalofanana na hilo, lililouzwa huko Ulaya au Marekani kwa bei ya ghorofa la Mbezi.

Jibu lake halitoshi kwenye WhatsApp, ndiyo maana tumeliandika hapa. Kuna na sababu ya pili, na hiyo ndiyo inayotuuma zaidi: watu wengi wanaua thamani ya gari wiki ileile wanayoamua kulifufua. Limekaa bovu lakini kamili miaka yote, halafu linakuja kuharibiwa na mtu mwenye nia njema na mashine ya kuchomelea.

Tulivyoishi nayo

Aliyekulia Tanzania ya miaka ya sabini na themanini hahitaji kuelezwa 504 ilikuwa gari la nani. La mkurugenzi wa shirika la umma, la daktari mkuu, la mfanyabiashara aliyekuwa na akili ya kutojionyesha kwa Benzi. Ile ya familia, yenye safu tatu za viti, ilibeba ukoo mzima kwenda Kilimanjaro kula Krismasi, watoto wakigombea safu ya nyuma kabisa ambako miguu haikuwa na pa kukaa lakini hakuna mkubwa aliyekuona ukifanya utundu. Springi zake laini na ndefu zilimeza mashimo ambayo leo gari jipya la kisasa linayapita kwa kusali.

Volkswagen ilitambulika kwa mlio kabla haijakata kona, na mtoto aliyeiona mara ya kwanza alishangaa mizigo inawekwa mbele na injini iko nyuma. Landrova 109 ilikuwa na mabenchi ya pembeni, abiria mnatazamana magoti kwa magoti, vumbi linaingia kwa nyuma mpaka mkifika mnashuka wote rangi moja. Mwalimu au karani aliyebahatika alikuwa na Datsun 120Y. Asubuhi za baridi kule Njombe au Lushoto unavuta choki, unapiga stata, unasikiliza, unarudisha choki taratibu, na mke wa jirani anajua mwalimu ameshaamka.

Pasaka nayo ilikuwa na Safari Rally. Mashindano yale yalianza mwaka 1953, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi Dar es Salaam tuliyaona kwa macho yetu kabla hayajabaki Kenya peke yake. Mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda ni mtu wa hapahapa Dar, Bert Shankland, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Joginder Singh wa Kenya alishinda mara tatu: 1965 kwa Volvo, 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alichukua mwaka 1973 kwa Datsun 240Z, akaja kuchukua tena mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, zote kwa Datsun. Ile 504 yenyewe ilishinda mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson. Hivyo mzee wako alipochagua Peugeot au Datsun hakuwa anafuata mkumbo. Alikuwa ameona kwa macho, au amesikia redioni, ni gari gani linafika mwisho wa tope.

Baada ya hapo ikaja miaka migumu. Mpaka na Kenya ulifungwa mwaka 1977, ukafunguliwa 1983, na spea zilizokuwa zinatoka Nairobi zikawa hadithi. Mafuta yakaadimika hadi ikafika wakati magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili mchana. Bushi zilichongwa kwa raba ya tairi kuukuu. Gasketi zilikatwa kwa karatasi ngumu ya boksi, zikapakwa grisi, zikafungwa, na gari likaenda Tabora na kurudi. Hatusimulii haya kwa kunogesha. Tukifungua injini ya gari la wakati ule tunazikuta hizo bushi na hizo gasketi, zipo palepale. Fundi kijana hucheka. Sisi wakubwa hatucheki. Tunazipiga picha kabla ya kuzitoa, tunazitia kwenye mfuko na kumrudishia mwenye gari, maana nazo ni sehemu ya historia ya gari lake.

Bei za mtandaoni

Sasa tuje kwenye pesa. Mwezi Mei 2022 Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé moja iliuzwa kwa euro milioni 135. Ndiyo bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa gari mnadani, na habari ile ilipotoka simu zetu hazikupoa. Lakini magari ya aina ile yaliundwa mawili tu duniani. Benzi ya mjomba, hata ikiwa W123 nzuri namna gani, haina undugu nayo zaidi ya nyota ya mbele.

Mfano unaofaa zaidi ni Datsun 240Z ya mwaka 1971 iliyouzwa Marekani kwa mnada wa mtandaoni Januari 2020 kwa dola 310,000. Gari hilo halikuwa adimu; Datsun waliunda 240Z kwa maelfu na maelfu. Kilicholipiwa ni kwamba ilikuwa imetembea maili elfu ishirini na kitu tu tangu izaliwe na ilikuwa bado ni ileile iliyotoka kiwandani. Hakuna fundi aliyeiboresha.

Ukishalielewa hilo, umeelewa karibu kila kitu kuhusu thamani ya magari ya zamani. Gari linapata bei kwa kuwa machache, au kwa kuwa halikuguswa. Na ya kwetu kwa hesabu ya dunia si machache hata kidogo. Volkswagen ya mgongo wa duara ziliundwa 21,529,464 hadi ya mwisho ilipotoka kiwandani Puebla, Mexico, Julai 2003. 504 ziliundwa zaidi ya milioni tatu na nusu, na Wafaransa walipoacha kuunda saluni zake mwaka 1983 bado Mombasa na Kaduna waliendelea kuziunganisha miaka mingi. Usitarajie mzungu kukushukia na sanduku la dola kwa sababu tu gari ni la zamani.

Hapa nyumbani hali ni tofauti kidogo, na tofauti hiyo imeletwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. 504 zilizokuwa zimejaa Dar zimekatwakatwa na kupimwa kwa kilo. Zilizobaki nzima ni za kutafuta kwa tochi, na wanaozitafuta wapo: wa kukodisha magari ya harusi, watayarishaji wa video za muziki, wenye hoteli na kambi za watalii wanaotaka Landrova ya zamani isimame mlangoni, na vijana waliopata nafasi nzuri ughaibuni ambao wanataka gari kama la baba, hata kama si lilelile. Jirani zetu wa Nairobi wametutangulia: wana maonyesho yao ya magari ya fahari tangu mwaka 1970, ambayo hufanyika Ngong Racecourse, na tangu 2003 kuna Safari ya magari ya zamani inayofufua mashindano yenyewe. Arusha nao mwaka 2024 waliandaa tamasha la Land Rover, mji ukafurika. Ukitaka kuona namna taifa linavyothamini gari kuukuu, nenda Makumbusho ya Taifa pale Mtaa wa Shaaban Robert, ukaangalie magari aliyotumia Mwalimu Nyerere.

Kwa hiyo soko lipo, ila ni dogo na lina macho. Mnunuzi wa siku hizi akija anajua anachotafuta kuliko muuzaji.

Bodi kwanza, injini baadaye

Mteja akileta gari anafungua boneti. Sisi tunapiga magoti. Injini iliyokufa inatengenezeka. Pistoni zinapatikana, shafti inachongwa, vavu zinasagwa. Bodi iliyooza ndiyo inayokula pesa, na ukanda huu wa pwani, kwa chumvi iliyomo hewani, unaozesha bati usiku na mchana. 504 iliyokaa Dodoma na 504 iliyokaa Tanga si gari moja, hata kama zilitoka kiwandani siku moja.

Kifaa chetu cha kwanza ni sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa isikwaruze rangi. Tunaipitisha kwenye madigadi, kizingiti cha chini ya mlango, pembe za sakafu, na pale betri inapokaa, maana tindikali ya betri hula bati kimyakimya. Sumaku ikiteleza na kudondoka kwenye Peugeot au Datsun, chini ya rangi hiyo hakuna chuma, kuna bodifila; mtu alikwishaficha shimo. Ila ikidondoka kwenye ubavu wa Landrova usishtuke wala kumtukana dalali. Bodi yake ni ya aluminiamu tangu toleo la kwanza la mwaka 1948. Ugonjwa wa Landrova uko ndani: chasisi, hasa boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi, pamoja na ule ukuta wa chuma unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Na pale aluminiamu inapogusana na chuma kwenye unyevu, aluminiamu ndiyo inayoliwa, inabaki unga mweupe. Tumeona Landrova inang'aa kama sahani mpya, ukiikanyaga kwa nyuma mguu unatokea chini.

Volkswagen nayo ina siri zake. Betri yake iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia, kwa hiyo nyanyua kiti kabla hujatoa hela. Humohumo chini ya kiti, kwenye mgongo wa katikati, ndipo namba ya chasisi ilipogongwa. Vizingiti vyake vya pembeni ni vya uwazi, vilipitisha hewa ya moto kwa ajili ya nchi za baridi. Kwetu sisi kazi yake imekuwa kukusanya unyevu na kuoza kwa ndani. Na ndivyo vinavyoshikilia gari lisikunjike katikati, kwa hiyo hilo si tatizo la urembo.

Ukituuliza, na wateja wengi hawapendi kulisikia, bora gari lenye kutu ya wazi kuliko lililopigwa rangi mpya jana. Kutu ya wazi tunaihesabu. Rangi mpya inatulazimu kukisia.

Usiliwashe

Gari likishafika mjini kwa mabegani mwa lori, hamu ya kwanza ya mwenyewe ni kusikia linanguruma. Anaita fundi wa mtaani, betri inaazimwa, linasukumwa na vijana sita. Tunakuomba sana: hapana.

Petroli iliyokaa miaka kwenye tangi imegeuka ulimbo. Ukiwasha, ulimbo ule na kutu ya tangi vinavutwa hadi kwenye kabureta na kuziba kila tundu. Ndani ya silinda oili imekauka kwenye kuta, ringi zimeshikana na chuma. Ukilazimisha kuzunguka zinakwaruza, na silinda iliyokuwa nzima inakuwa ya kuchonga. Raba za breki zimekufa, kwa hiyo hata likikubali kuwaka halisimami, na ukuta wa jirani haukufanya kosa lolote.

Tunavyofanya sisi ni polepole. Tunafungua plagi, tunatia oili nyepesi kidogo kila silinda, tunaacha. Siku inayofuata tunazungusha injini kwa mkono, kwa spana, bila stata, tukisikiliza mkono unavyohisi. Ikigoma tunaongeza oili na kusubiri tena. Hakuna kuipiga nyundo. Ikizunguka, tunamwaga oili ya zamani na kuiangalia: ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Tangi linashushwa, linaoshwa ndani. Kabureta inafunguliwa mezani juu ya kitambaa cheupe, kila kipande mahali pake. Platini zinasuguliwa na kupimwa nafasi. Hapo ndipo tunafunga betri, na petroli inatoka kwenye kopo dogo lililoning'inizwa, si kwenye tangi.

Hiyo ya petroli inahitaji maelezo zaidi, maana tunaulizwa kila mara. Magari haya yaliundwa wakati petroli ilikuwa na madini ya risasi. Nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara ziliiondoa risasi hadi kufikia Januari 2006, na tunashukuru, maana ilikuwa sumu kwa watoto. Ila risasi ile ilikuwa ikilinda pale vavu inapokalia. Kwenye injini zenye hedi, yaani kichwa cha injini, ya chuma cha kutupwa, mfano ile ya petroli ya Landrova, vavu huanza kuzama taratibu kwenye kichwa bila risasi, nafasi inapungua, na gari linapoteza nguvu. Dawa yake ni kuweka siti ngumu za vavu siku hedi inaposhushwa, mara moja, basi. 504 na Volkswagen zina hedi za aluminiamu ambazo siti zake zilikuwa za kupandikizwa toka mwanzo, kwa hiyo hazisumbuki kiasi hicho. Atakayekuuzia chupa ya dawa ya kutia kwenye tangi kila ukijaza mafuta, muulize kwanza hedi ya gari lako ni ya nini.

Mabati ya Volkswagen

Hili tunalitenga kwa sababu limeua injini nyingi kuliko umri. Volkswagen haina rejeta wala maji. Inapozwa na hewa inayosukumwa na feni na kuongozwa na mabati yanayoifunika injini pande zote: hewa baridi inapita juu ya silinda, hewa ya moto inatokea chini. Fundi asiyeijua anafungua injini, anayaona mabati yale kama urembo unaomkwaza spana, anayaweka pembeni. Gari linawaka vizuri. Wiki mbili tatu linakwenda. Kisha hewa ya moto inarudi juu kuzunguka injini ileile iliyotoka, silinda ya tatu inaanza kuungua kabla ya wenzake kwa sababu kipoza oili kiko mbele yake kikimzibia hewa, na mwenye gari anaambiwa "hizi Volkswagen za siku hizi zinachemka sana, jua limekuwa kali".

Jua ni lilelile. Ukinunua au kufufua Volkswagen, hakikisha kila bati lipo, na raba inayozunguka injini kuziba mwanya ipo. Vavu zipimwe injini ikiwa baridi kabisa, imelala usiku kucha, nafasi ya 0.15 mm. Oili yake ni lita mbili na nusu tu, na ndiyo maji yake pia, kwa hiyo usiihesabie kilomita za gari la kisasa.

Injini ya Toyota

Wapo wanaotuomba tuitoe injini ya Peugeot au Landrova tuweke ya Toyota. Tunaweza, na mafundi wa kufanya hivyo wamejaa mji mzima. Kama ni Landrova ya shamba, inabeba mahindi na mbolea, weka injini unayoweza kuipatia spea dukani Kariakoo, hatuna ugomvi. Ila usije mwakani kutuuliza inauzwa bei gani kama gari la kihistoria, maana siku ile ilipotoka injini yake ilitoka na bei yake. Mnunuzi makini huanza kwa kulinganisha namba ya injini na namba ya chasisi dhidi ya kadi, na namba mpya ya injini inatakiwa iingizwe kwenye kadi kihalali.

Kama umeshabadilisha, au aliyebadilisha ni mzee mwenyewe miaka ile, itafute injini ya zamani. Mara nyingi ipo, imefunikwa gunia nyuma ya stoo. Usimpe mtu wa vyuma chakavu. Vivyo hivyo taa za mwanzo, usukani, saa ya dashibodi isiyofanya kazi, vifuniko vya magurudumu, redio. Redio mpya yenye rimoti na taa za buluu tunaitoa kwa dakika chache. Tundu lililokatwa kwenye dashibodi kuiweka halizibiki.

Rangi nayo usiipige kabla hatujaongea. Rangi ya kwanza ya gari huwa imejificha nyuma ya dashibodi, chini ya raba za milango na ndani ya buti. Tukiipata tunaipeleka kwa mchanganya rangi, gari linarudi lilivyotoka kiwandani. Nyekundu ya damu kwenye 504 iliyozaliwa na rangi ya maziwa inapendeza kwenye picha tu.

Makaratasi

Wengi hawaamini, ila gari zuri lisilo na karatasi tunalipa thamani ndogo kuliko bovu lenye kadi. Kama ni gari la marehemu, suala la kwanza ni mirathi. Lazima kuwe na msimamizi aliyeteuliwa na mahakama, na yeye ndiye anayesaini kubadilisha umiliki TRA. Tumeshuhudia ndugu wakilipia matengenezo, gari linang'aa, ndipo mdogo wao anaibuka kutoka Mwanza kusema na yeye ana sehemu. Malizeni hayo nyumbani, mkiwa na shangazi na chai mezani, kabla hatujashika spana.

Wengine wanaogopa kupeleka kadi TRA kwa hofu ya deni la rodi laisensi la miaka yote gari lilipokuwa limelala. Ada ile ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18, ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta, na madeni ya nyuma yakasamehewa. Hiyo hofu iweke chini.

Kwa anayetaka kwenda mbali zaidi, upo uwezekano wa kupata cheti cha kuzaliwa cha gari. Makumbusho ya Volkswagen kule Wolfsburg, na ya magari ya Kiingereza kule Gaydon kwa upande wa Land Rover, hutoa cheti kutokana na kumbukumbu za kiwanda: lilitoka lini, rangi gani, lilipelekwa nchi gani. Kwa mnunuzi wa nje karatasi hiyo inaongea kuliko maneno yako na yetu. Na karatasi za hapa nyumbani zisitupwe pia: risiti ya kwanza, kitabu cha sevisi chenye mihuri, bima za zamani, hata picha ya mama amesimama pembeni ya gari siku lilipofika. Vibao vya namba vya zamani vya TZ, kama vipo, vihifadhi.

Bima ni kizungumkuti kidogo. Kwa bima ndogo huna tatizo. Kwa bima kubwa, kampuni itataka kuliandikia gari thamani ya mkweche kwa kuangalia mwaka tu. Dai thamani iandikwe kutokana na ripoti ya mthamini, na mkubaliane kabla hujalipa, si baada ya ajali.

Tunavyofanya kazi

Hatupokei gari moja kwa moja kwa matengenezo. Linaanza na ukaguzi ambao tunautoza. Ukiamua kuendelea nasi tunaukata kwenye bili. Unapata ripoti yenye picha: kutu iko wapi, nini ni cha asili, nini kimebadilishwa, spea zipi zinapatikana hapa na zipi ni za kuagiza. Za Volkswagen na Landrova ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Bado zinatengenezwa mpya. Za 504 zinapatikana kwa kuzungukazunguka, Kenya zaidi. Kioo cha mbele na kromu za magari ya Kijapani ya miaka ya sabini ndizo zinazotutoa jasho.

Baada ya ripoti tunakaa na wewe na kukuuliza unataka nini: kuuza, kulikodisha kwenye harusi, au kulitembeza Jumapili na watoto. Kama nia ni kuuza kwa faida, kwa magari mengi tunashauri usitengeneze kabisa. Lisafishe, lihakikishe lina karatasi, liuze kama lilivyo kwa mtu anayelitaka kamili, maana gharama ya kulinyoosha itapita bei utakayolipwa. Tunapoteza kazi kwa ushauri huo, lakini ndio ukweli. Kama nia ni kulipanda alilolipanda baba, hesabu ni nyingine, na usimruhusu mtu akucheke. Pesa ya kumbukumbu ni pesa kama nyingine, na mwenye kuipangia matumizi ni wewe.

Kwa wanaoleta: njoo na kadi au nakala yake, ufunguo hata kama umekatika, na chochote kilichokuwa kwenye gari, pamoja na ile ndoo ya nati na bolti ambazo hakuna anayejua ni za wapi, sisi tutajua. Lipakiwe kwenye lori, lisivutwe kwa kamba, kwa sababu beringi zilizokaa bila grisi zitajiua njiani. Na tafadhali usilioshe. Tunataka kuona vumbi limeshikana na oili sehemu gani, na maji yamepita wapi, kabla pampu ya kuoshea haijafuta yote.